Jinsi ya Kuchoma Vyungu kwa Moto wa Wazi, Kuanzia Kuchimba Udongo hadi Kupikia

Kila kiangazi kinapoingia, watu wanaojaribu ufinyanzi kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yale yale. Kwa nini chungu kimepasuka kabla kuni hazijashika sawasawa? Udongo wa shambani kwangu unafaa? Ninaweza kuchoma bila tanuri? Mbona kimetoka na mabaka meusi? Nimeona ni vyema kuyajibu yote pamoja kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo aweze kusoma, kukusanya vifaa, na kuchoma vyombo vyake vya kwanza bila kupoteza nguvu za majuma mawili katika robo saa.

Tanuri si lazima. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao kwa moto wa wazi, na vyungu hivyo huvushwa kwa mitumbwi kupelekwa gulio la Matema, hununuliwa na kupikiwa kila siku. Moto wa kuni uliopangwa vizuri hufikia nyuzi 600 hadi 900 za Selsiasi, na joto hilo linatosha kabisa kuugeuza udongo kuwa kigae kisichorudi tena kuwa tope.

Kabla ya hatua yoyote, nataka ujue jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulikubali. Vyungu vingi vinavyovunjika motoni vilikuwa vimeharibika kabla kiberiti hakijawashwa: udongo haukuchanganywa na chenga (punje za vigae vilivyotwangwa), au chombo kilikuwa na unyevu ndani huku nje kikionekana kikavu, au mchomaji alikosa subira ya kukipasha kidogo kidogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayotangulia moto, nami nakuomba usiiruke.

Mahitaji

Kwa mara ya kwanza choma vyombo vitano au sita vidogo, visivyozidi upana wa shibiri moja. Kwa kazi hiyo utahitaji:

- Udongo wa mfinyanzi, debe moja.
- Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vya kutosha kujaza ndoo ndogo. Vingine utavitwanga kuwa chenga, na vile vikubwa utavitumia kufunika vyombo motoni. Ukivikosa, tofali la kuchoma lililovunjika litakufaa kwa chenga.
- Kinu na mchi, chekeche la matundu madogo, ndoo mbili, na kanga kuukuu au kitambaa kingine cha pamba.
- Kijiwe laini cha mtoni cha kusugulia.
- Mizigo miwili mikubwa ya kuni zilizokauka kabisa, kuanzia vijiti vyembamba hadi kuni za unene wa kifundo cha mkono.
- Mavi makavu ya ng'ombe, gunia moja. Ukiwa pwani na huna ng'ombe jirani, tumia vifuu vya nazi pamoja na makumbi.
- Nyasi kavu au makuti.
- Jembe, koleo, na fimbo mbili ndefu mbichi za kushikia vyombo vya moto.
- Ndoo mbili za maji na ndoo moja ya mchanga kwa ajili ya kuzima moto ukitoroka.

Usiingize motoni mbao zilizopakwa rangi, vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, matairi wala plastiki. Moshi wake ni sumu kwako na kwa majirani, na masizi yake huingia katika vinyweleo vya chombo unachokusudia kulia chakula.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kuubeba

Udongo mzuri hupatikana kwenye kingo za mito, katika mabonde ya mpunga, kwenye mashimo ya visima vinavyochimbwa, na katika vichuguu. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha chimba kwenda chini kiasi cha urefu wa mkono hadi ufikie tabaka linalonata na kung'aa unapolikata kwa jembe. Ukichimba ukingoni mwa mto usilitoboe pango chini ya ukingo, kwa maana huporomoka bila taarifa. Vilevile, kwa vyombo vya chakula, usichukue udongo karibu na machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki wala karibu na majalala.

Chukua donge la ukubwa wa limau, lilainishe kwa maji, ulifanyie majaribio haya:

Kwanza, viringisha kamba ya unene wa kidole kidogo, kisha uizungushe kwenye kidole cha shahada. Ikijikunja bila kukatika, unao mnato wa kutosha. Ikipasuka nyufa ndogo ndogo, udongo una mchanga mwingi, lakini huenda ukafaa baada ya kuchujwa. Ikikatika vipande, tafuta mahali pengine.

Pili, tengeneza kipande bapa chenye urefu wa sentimita 12, uchore juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kisha ukianike kivulini mpaka kikauke. Pima tena. Mstari ukiwa umebaki na sentimita 9 au zaidi, udongo huo ni mtulivu. Ukiwa umepungua kuliko hapo, udongo unasinyaa mno na utahitaji chenga nyingi. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaofanya nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, ni wa namna hii. Anayeanza asiutumie peke yake.

Tatu, kamulia ndimu juu ya donge kavu. Likitoa povu na sauti kama ya maji ya soda, lina chokaa. Jaribio hili ni la muhimu sana kwa wakazi wa pwani na visiwani, ambako udongo huchanganyika na vipande vya matumbawe na makombe ya chaza. Chokaa huungua motoni, kisha baada ya siku chache hufyonza unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua vipande vya chungu ambacho ulikuwa umekwisha kukifurahia.

Nne, na hili ndilo ninalolitegemea kuliko yote, finyanga gololi chache za ukubwa wa ncha ya kidole gumba, zikaushe siku nne au tano, kisha zipashe pembeni mwa jiko la mkaa kwa saa moja na kuzifukia katikati ya makaa mekundu kwa saa nyingine. Zikipoa, ziloweke usiku kucha. Zikibaki ngumu, udongo wako unachomeka, na umelijua hilo kwa gharama ya mkaa kidogo tu.

Hatua ya 2: Safisha udongo

Anika udongo ukauke kabisa, uponde, kisha uutie ndani ya ndoo yenye maji. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuloweka madonge mabichi, wakashangaa kuyakuta vilevile baada ya siku mbili. Udongo mkavu hunywa maji kwa kasi na kumomonyoka wenyewe, ilhali donge lenye unyevu hukataa maji na kubaki gumu katikati.

Baada ya siku moja koroga vizuri, upitishe uji huo kwenye chekeche ili kuondoa kokoto na mizizi, na uuache utulie. Maji yakishajitenga juu, yamwage taratibu. Tope lililobaki limwage juu ya kanga iliyotandazwa kwenye mchanga mkavu au kichanja, na uligeuze mara kwa mara mpaka liwe kama unga wa chapati uliokandwa. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uliache juma moja au zaidi. Likianza kunuka kidogo usiogope, kwani udongo uliolala hivyo huwa mtiifu zaidi mkononi.

Hatua ya 3: Changanya chenga

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi. Udongo mtupu uliochujwa ni laini na unapendeza mno kuufinyanga, lakini moto wa wazi hupanda kwa kasi, na udongo laini hauna njia ya kutolea mvuke wala uwezo wa kustahimili joto lisilo sawa. Chenga hufanya kazi zote mbili: huacha vinjia vya mvuke, na huzuia ufa mdogo usiendelee kuwa mrefu.

Twanga vigae, uvichekeche, uchukue punje zisizozidi ukubwa wa ulezi pamoja na vumbi lake. Nyunyizia maji kidogo wakati wa kutwanga na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la vigae hudhuru mapafu. Kwa bakuli na vyombo vya mapambo tumia kipimo kimoja cha chenga kwa vipimo vinne vya udongo. Kwa chungu cha kupikia ongeza mpaka kipimo kimoja kwa vitatu, kwa kuwa chombo hicho kitakutana na moto kila siku ya maisha yake.

Mchanga wa mtoni unaweza kuchukua nafasi ya vigae, ukiwa umeoshwa na kuchekechwa. Mchanga wa ufukweni haufai hata ukiuosha mara kumi, kwani umejaa makombe yaliyosagika, nayo ni chokaa tupu.

Tandaza udongo, nyunyizia chenga juu yake, kunja, kanda, na urudie mpaka ukiukata kwa uzi uone punje zimesambaa sawasawa. Endelea kukanda hata baada ya hapo ili kuondoa mifuko ya hewa. Mfuko wa hewa wenyewe si hatari kama watu wanavyodhani, ila mara nyingi ndani yake hubaki unyevu, na huo unyevu ndio unaolipua.

Hatua ya 4: Finyanga

Mwongozo huu hauhusu ufinyanzi wenyewe, kwa hiyo nitataja yale tu yanayogusa moto. Chagua maumbo ya mviringo yenye kitako cha duara. Vyungu vyetu vya asili havikupewa kitako cha duara kwa urembo pekee: umbo hilo halina kona, joto huenea juu yake sawasawa, na hukaa vizuri juu ya mafiga. Sahani bapa na masanduku yenye pembe hupasuka kwa urahisi, hivyo yaache mpaka upate uzoefu.

Unene wa ukuta uwe sawa kutoka kitako hadi mdomo, kati ya milimita 6 na 8. Kosa la kawaida ni kitako kinene na mdomo mwembamba. Kitako hubaki na maji wakati mdomo umekauka, na vyote viwili huvutana. Ukijenga kwa kamba za udongo, paka maji kidogo kwenye maungio na uyasugue kwa kidole ndani na nje, kwa maana kamba iliyowekwa tu juu ya nyingine itaachana nayo motoni.

Chombo kikishaanza kukauka kiasi cha kushika umbo lake huku kidole bado kinaacha alama hafifu, kisugue kwa kijiwe laini. Usuguaji huo hubana uso wa chombo, hupunguza kuvuja, na hukipa mng'ao usiohitaji rangi. Ukitaka wekundu wa kina, paka ngeu (udongo mwekundu wa kupakia rangi) iliyosagwa na kuchanganywa na uji mwembamba wa udongo ule ule kabla ya kusugua.

Hatua ya 5: Kausha kwa subira

Weka vyombo kivulini, mahali pasipo na upepo mkali, na uvifunike kwa kitambaa siku mbili za kwanza. Vigeuze kila siku ili kitako nacho kipate hewa. Baada ya juma moja kwa vyombo vidogo, au majuma mawili kwa vikubwa au wakati wa masika, vitoe juani kwa siku moja nzima.

Usiamini rangi pekee. Kiguse chombo kwa shavu lako: kikiwa na ubaridi kuliko hewa iliyokizunguka, maji bado yanatoka. Mimi hupima vyombo kwa mizani ya dukani asubuhi na jioni, na uzito ukisimama mahali pamoja kwa siku mbili ndipo ninapoanza kutafuta kuni. Fundi mzee huenda akaona utaratibu huu ni wa ziada, lakini yeye ana miaka arobaini mikononi mwake, nasi hatuna.

Hatua ya 6: Tayarisha mahali

Chagua uwanja ulio mbali na nyumba, makuti, mashamba makavu na matawi ya miti, na ufyeke nyasi mpaka mita tatu kila upande. Wajulishe majirani, na kama eneo lenu lina utaratibu wa kuomba ruhusa ya kuwasha moto wakati wa kiangazi, ufuate. Watoto wakae mbali. Wewe mwenyewe vaa viatu vilivyofunika vidole na nguo za pamba zisizoning'inia.

Chimba shimo la kina cha shibiri moja na upana wa hatua moja na nusu. Usichomee juu ya sakafu ya saruji wala usizungushie mawe yaliyotoka mtoni, kwa sababu vyote hufungia maji ndani na vinaweza kuruka vipande vikipata moto wa ghafla.

Ardhi nayo ina unyevu. Washa moto mdogo ndani ya shimo kwa saa moja kabla ya kazi yenyewe, kisha sogeza makaa pembeni na utandike vigae au mawe makavu ya kichakani chini. Mvuke unaopanda kutoka kwenye ardhi mbichi umevunja vitako vya vyungu vyangu viwili ambavyo vilikuwa vimekauka bila dosari.

Chagua siku isiyo na upepo. Mimi huanza saa tisa alasiri, ili moto mkubwa uwake giza linapoingia. Saa hizo, katika sehemu nyingi za bara, upepo huwa umetulia, na gizani utaweza kuiona rangi ya vyombo motoni, jambo ambalo jua la mchana halikuruhusu.

Hatua ya 7: Viache vyombo viote moto

Hatua hii ndiyo inayookoa vyungu kuliko nyingine zote. Chombo kilichokauka juani bado kina maji ambayo hewa haiwezi kuyatoa, na maji hayo lazima yaondoke taratibu kabla joto halijavuka nyuzi 100.

1. Panga vyombo kuzunguka makaa, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye moto, midomo ikielekea motoni.
2. Vigeuze kila baada ya dakika kumi au kumi na tano.
3. Baada ya nusu saa visogeze karibu kidogo, na baada ya nusu saa nyingine tena, mpaka viwe kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye makaa.
4. Endelea mpaka chombo kiwe cha moto kiasi kwamba huwezi kukigusa kwa mkono mtupu, ndani na nje.

Kazi nzima huchukua saa moja na nusu hadi saa mbili. Ili kujua kama mvuke umekwisha, shikilia kioo au kifuniko cha sufuria kilicho baridi juu ya mdomo wa chombo kwa sekunde chache. Kikifanya ukungu, endelea kupasha. Wakati huu usimwache mtu mwenye haraka akaongeza kuni. Moto wa hatua hii ni makaa tu, usiwe na miali inayolamba vyombo.

Hatua ya 8: Panga vyombo na kuni

Hapa unapaswa kwenda upesi, kwa sababu vyombo vya moto havitakiwi kupoa. Uwe na kila kitu karibu.

Tandaza makaa chini, juu yake tabaka la mavi makavu ya ng'ombe au makumbi, kisha vigae. Weka vyombo vikubwa kwanza, vikiwa vimelala ubavu au vimeinamishwa midomo chini juu ya vigae, ili joto liingie ndani yake. Vidogo vikae juu na katikati. Vyombo vikigusana si tatizo, maana havina mng'ao wa kioo, yaani ule mpako unaoyeyuka motoni na kuganda kama kioo, wa kuvigandisha, lakini kimoja kisibebe uzito wa vingine mdomoni.

Funika vyombo kwa magae makubwa ili kuni zinazoanguka zisivipige na upepo usivikute. Kisha simamisha kuni nyembamba pande zote kama kibanda, jaza mavi makavu au vifuu katika nafasi, na umalizie kwa kuni nene kidogo na nyasi juu.

Hatua ya 9: Choma

Kwa kuwa makaa yako chini, moto utapanda wenyewe. Ukisitasita, washa nyasi za upande unaotoka upepo. Dakika ishirini za kwanza ongeza kuni kidogo kidogo. Joto linapopita kati ya nyuzi 450 na 600, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huachia, na hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo. Karibu na nyuzi 573 punje za mchanga huvimba ghafla, kwa hiyo usiupige moto kwa upepo wala kumwagia kuni nyingi kwa mara moja.

Moto ukishakolea, ulishe kwa bidii. Ziba kila tundu linaloonekana kwa kuni au mavi makavu, maana chombo kilichofunuliwa upande mmoja hupoa upande huo na kupasuka. Unachokitafuta ni kuona vyombo vyenyewe vinawaka wekundu uleule wa makaa yaliyovizunguka, kwa kuchungulia kati ya magae. Vikishafikia rangi hiyo vidumishe kwa dakika ishirini hadi thelathini, kisha acha moto ushuke wenyewe. Kuanzia kuwasha hadi hapo ni kama saa moja na nusu.

Ukitaka vyombo vyekundu, hewa ipite kwa wingi mwishoni. Ukitaka vyeusi tititi, wakati vyombo vingali vyekundu mwaga pumba za mpunga au unga wa mbao juu ya rundo lote, kisha fukia haraka kwa mchanga mkavu na majivu. Moshi uliokosa pa kwenda utaingia katika vinyweleo na kukaa humo.

Hatua ya 10: Acha vipoe

Usivitoe. Acha majivu yawe blanketi mpaka asubuhi. Najua wapo mafundi wanaovitoa vyungu vikiwa vyekundu kwa fimbo na kuvinyunyizia maji ya magome ya miti, nao hufaulu kwa sababu udongo wao na chenga zao wanazijua tangu utoto. Udongo wako bado hujauzoea. Asubuhi, chombo kikiwa na uvuguvugu unaovumilika mkononi, kitoe na ukipanguse majivu kwa kitambaa kikavu.

Kigonge kwa ukucha. Chungu kizima hulia kwa sauti ya wazi, karibu na ya kengele. Chenye ufa hutoa mlio mfu hata kama jicho halioni kitu. Kimwagie maji kidogo ndani na usubiri saa chache uone kama kinadondosha matone.

Hatua ya 11: Ziba vinyweleo kabla ya kupikia

Chungu cha moto wa wazi kina vinyweleo siku zote. Kwa mtungi wa maji hiyo ni sifa, kwani maji yanayotoka jasho nje hukauka na kuyapoza yaliyo ndani. Chungu cha kupikia kinahitaji kuzibwa kwa wanga. Kiloweke majini saa chache, kisha kipikie uji mwembamba wa muhogo au wa mahindi kwa moto mdogo wa makaa, ukipaka uji huo mpaka mdomoni, uuache humo usiku kucha. Osha kwa maji bila sabuni, kwa sababu sabuni huingia katika vinyweleo na kutoka ndani ya maharage yako. Kiongezee moto pole pole kila unapopika, na usimimine maji baridi ndani ya chungu kikavu kilicho motoni.

Usipake rangi ya mafuta sehemu inayogusa chakula. Mng'ao wa kioo nao hauwezekani hapa, kwa kuwa ung'arishaji wa aina hiyo kwa kawaida huhitaji joto la juu zaidi na linalodumu kuliko moto wa wazi unavyoweza kutoa.

Matatizo na tiba zake

*Chombo kililipuka kwa kishindo mwanzoni mwa moto.* Kilikuwa na maji. Rudi hatua ya 5 na ya 7. Kama kilikauka vizuri na bado kikalipuka, kikague kigae chake: kikiwa laini bila punje, chenga zilipungua.

*Ufa mrefu umeteremka kutoka mdomoni.* Mara nyingi upepo ulikipiga chombo wakati wa kupanda au kushuka kwa moto, au mdomo ulikuwa mwembamba kuliko tumbo. Wakati mwingine ufa huo ulianza kwenye kukauka bila kuonekana, hivyo kabla ya kuchoma pangusa mdomo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo; ufa uliojificha utajionyesha kama mstari mweusi.

*Kitako kimebanduka kama kisahani.* Ardhi ilikuwa mbichi, au kitako kilikuwa kinene.

*Mabaka meusi kwenye chungu chekundu.* Ni alama za kuni na makaa yaliyokigusa mahali pasipo na hewa. Hayapunguzi uimara. Ukiyachukia, tumia magae mengi zaidi ya kufunika na uache nafasi za hewa mwishoni.

*Unga mwekundu unabaki mkononi, au kipande kilicholowekwa kimerudi kuwa tope.* Joto halikutosha. Kikaushe upya siku kadhaa, kikipashe tena kama hatua ya 7, na ukichome mara ya pili kwa kuni nyingi zaidi. Chombo kizima hakina sababu ya kutupwa.

*Baada ya siku tatu vidoa vyeupe vimetokea na uso unabanduka.* Ni chokaa. Chungu hicho hakitapona; badili chimbo, au badili mchanga ulioutumia kama chenga.

*Kimevuja hata baada ya uji.* Rudia uji mara mbili au tatu. Kikiendelea kudondosha matone badala ya kutoka jasho, kina ufa. Kitwange, ukihifadhi chenga zake kwa ajili ya udongo utakaoukanda mara ijayo.